Jina Urbanus kutoka Roma hadi Machakos: Maana, Matumizi na Funzo kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inachunguza maana na matumizi ya jina Urbanus, ambalo kwa Kiingereza huandikwa Urban, na ambalo lilichukuliwa na mapapa watano wa Zama za Kati. Tunalifuata jina hilo kutoka Kilatini hadi Kiingereza, kisha hadi Machakos, ambako limekuwa miongoni mwa majina ya kawaida ya kiume. Hoja yetu ni kwamba jina hili limebeba hukumu ya kale juu ya mji na shamba. Kiswahili nacho kinabeba hukumu kama hiyo katika maneno mshamba, uungwana na ustaarabu, lakini shina la neno mji katika lugha yetu halikuwa na hukumu hiyo. Mwisho tunapendekeza namna ya kuliandika jina hili na kuyatafsiri maneno ya Kiingereza yaliyo ndugu zake.

1.0 Utangulizi

Mhadhiri anaposoma orodha ya wanafunzi katika ukumbi wa chuo nchini Kenya na kufika kwenye jina Urbanus, si ajabu kicheko kidogo kikasikika kutoka viti vya nyuma. Wanaocheka hawahitaji kungoja jina la pili ili wakisie mwenzao ametoka wapi. Masikioni mwa Wakenya wengi, Urbanus ni jina la Mkamba, awe wa Machakos, Makueni au Kitui. Katika mizaha ya mitaani limefanywa kuwa jina la mtu ambaye ndiyo kwanza anashuka kwenye basi, mzigo begani, akitazama maghorofa. Ndiyo sababu wako vijana wanaolificha. Wengine huliandika kwa herufi U na nukta tu, wengine huliacha kabisa wakajipa jina jingine ambalo wanadhani lina hadhi zaidi.

Hapa pana kinaya ambacho mwanafunzi wa lugha hapaswi kukipita bila kukitazama. Jina hilo, kwa maana yake ya asili, ni "wa mjini". Anayechekwa kuwa ni mshamba anaitwa, neno kwa neno, Mtu wa Mjini.

Imekuwaje jina lenye maana ya mji likawa alama ya shamba? Je, maana ya jina hukaa katika asili yake, katika watu waliolichukua, au katika masikio ya wanaolisikia? Na sisi tunaoandika kwa Kiswahili, tunapomtaja Papa wa karne ya 11 aliyeanzisha Vita vya Msalaba, tumwite Urban, Urbano au Urbanus? Makala hii inajaribu kuyajibu maswali hayo kwa zamu.

2.0 Asili na maana ya neno katika Kilatini

Katika Kilatini, nomino urbs ina maana ya mji, hasa mji mkubwa wenye kuta. Warumi walipolitumia neno hilo bila kutaja jina la mji, msikilizaji alijua kwamba Mji unaokusudiwa ni Roma. Matumizi hayo yamedumu hadi leo katika baraka ambayo Papa huitoa wakati wa Noeli na Pasaka, iitwayo Urbi et Orbi, yaani "kwa Mji na kwa ulimwengu". Kutokana na urbs kukaundwa kivumishi urbanus. Kiambishi -anus hufanya kazi inayokaribiana na ile ya kihusishi chetu -a pamoja na kiambishi cha mahali -ni. Kwa hiyo urbanus ni "wa mjini", kama vile Romanus alivyo "wa Roma".

Hata hivyo, neno halikubaki kwenye maana ya makazi tu. Waandishi wa Kirumi walilipanua likamaanisha mtu mwenye adabu, lafudhi nzuri, maneno ya kupendeza na mzaha wa kiakili. Sifa hiyo waliiita urbanitas, na Cicero na Quintilian ni miongoni mwa walioijadili walipoandika juu ya ufasaha wa msemaji. Kinyume cha urbanus kilikuwa rusticus, "wa shamba", neno ambalo nalo lilipanuka likamaanisha mtu mgumu wa tabia na mzito wa ulimi. Hivyo jozi ya maneno yaliyoanza kwa kuonyesha mtu anaishi wapi ikawa jozi ya kuonyesha mtu ana thamani gani.

Liko neno la tatu ambalo ni lazima tulitaje kwa sababu limefika hadi kwetu. Nalo ni paganus, kutokana na pagus, yaani wilaya ya mashambani. Maana yake ya awali ni mtu wa kijijini. Baada ya Ukristo kuenea katika dola ya Kirumi, neno hilo likawa jina la mtu asiyekuwa Mkristo. Wataalamu wanatofautiana juu ya njia ambayo maana hiyo mpya ilipitia, lakini hawatofautiani kwamba neno ni lile lile. Kwa hiyo Kiswahili kinaposema mpagani, kinatumia, bila kukusudia, neno la Kirumi la mwanakijiji.

3.0 Mapapa walioitwa kwa jina hili

Desturi ya Papa kubadili jina anapochaguliwa hutajwa kuwa ilianza mwaka 533. Mwaka huo alichaguliwa mtu aliyeitwa Mercurius, jina la mungu wa Kirumi. Kwa kuwa jina hilo halikumfaa kiongozi wa Kanisa, akajiita Yohane wa Pili. Tangu hapo desturi ilienea polepole mpaka ikawa kawaida. Kwa sababu hiyo jina la Papa wa Zama za Kati si jina alilopewa utotoni. Ni jina alilolichagua akiwa mtu mzima, na mara nyingi lina ujumbe ndani yake.

Mapapa wanane wameitwa Urbanus. Wa kwanza aliongoza kuanzia mwaka 222 hadi 230, naye huheshimiwa kama mtakatifu. Waliomfuata katika Zama za Kati ni watano: Urbano wa Pili (1088–1099), wa Tatu (1185–1187), wa Nne (1261–1264), wa Tano (1362–1370) na wa Sita (1378–1389). Baada ya hapo wakaja Urbano wa Saba, aliyekaa katika kiti kwa siku 13 tu mwaka 1590, na Urbano wa Nane (1623–1644).

Tukiwatazama hao watano wa Zama za Kati tutakuta jambo la ajabu: walioitwa "wa Mji" mara nyingi hawakuwa Mjini. Urbano wa Pili alichaguliwa Terracina, nje ya Roma, kwa sababu Roma ilishikwa na wafuasi wa mpinzani wake, Clement wa Tatu. Hotuba yake mashuhuri ya mwaka 1095 iliyoanzisha Vita vya Kwanza vya Msalaba aliitoa Clermont, nchini Ufaransa. Urbano wa Tatu alikaa Verona na akafia Ferrara. Urbano wa Nne, aliyekuwa mtoto wa fundi viatu wa Troyes, alianzisha kwa Kanisa zima sikukuu ya Mwili wa Kristo mwaka 1264, lakini hakukanyaga Roma akiwa Papa. Urbano wa Tano alichaguliwa wakati mapapa wakiishi Avignon. Alirudi Roma mwaka 1367, akashindwa kukaa, akaondoka tena kwenda Avignon mwaka 1370 na kufariki mwaka huo huo. Urbano wa Sita alichaguliwa Roma mwaka 1378 huku wananchi wakipiga kelele nje wakidai Papa awe Mrumi, au angalau Mwitalia. Naye alikuwa mtu wa Napoli. Miezi michache baadaye makadinali waliomchagua walimchagua mwingine, na Kanisa la Magharibi likagawanyika hadi mwaka 1417.

Tunajifunza nini? Kwamba jina hili, kwa wengi wao, halikuwa maelezo ya mahali walipo. Lilikuwa dai. Mtu aliyezuiwa kuingia mjini alijiita Mtu wa Mji ili ieleweke kwamba Mji ni haki yake. Funzo hili tutalirudia tutakapofika Machakos.

Kabla ya kuondoka kwa mapapa, tuseme neno moja juu ya pwani yetu. Mfalme Yusuf bin Hasan wa Mombasa, aliyekuwa amebatizwa kwa jina la Jerónimo Chingulia, alipowaasi Wareno na kuitwaa Ngome ya Yesu mwezi Agosti 1631, aliyekuwa Papa alikuwa Urbano wa Nane. Papa huyo ndiye aliyeanzisha mwaka 1627 chuo cha kuwaandaa mapadri wa nchi za misheni, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Urbaniana mjini Roma. Msomaji aangalie hapa: Urbaniana haina maana ya "chuo cha mjini" bali "chuo cha Urbano". Kivumishi kilizaa jina la mtu, na jina la mtu likazaa kivumishi kipya.

4.0 Matumizi katika Kiingereza

Kiingereza kilipolipokea jina hili kiliukata mwisho wake wa Kilatini, likawa Urban, na mkazo ukahamia kwenye silabi ya kwanza. Geoffrey Chaucer, katika hadithi ya mtawa wa pili iliyomo ndani ya The Canterbury Tales, anamtaja Papa Urban akimbatiza Valerian, mume wa Mtakatifu Cecilia. Huyo ni Urbano wa Kwanza. Chaucer aliandika katika miaka ya mwisho ya karne ya 14, wakati wasomaji wake wakisikia kila siku habari za Urbano wa Sita na mgawanyiko wa Kanisa. Kama jina la mtu wa kawaida, hata hivyo, Urban halikuenea sana Uingereza, na baada ya matengenezo ya dini ya karne ya 16 majina ya mapapa hayakuwa na mvuto kwa Waprotestanti.

Mfano unaopendeza zaidi ni wa London mwaka 1731. Edward Cave alipoanzisha jarida la The Gentleman's Magazine alijificha nyuma ya jina la uhariri Sylvanus Urban. Sylvanus ni wa msituni, Urban ni wa mjini. Kwa jina hilo aliahidi kwamba jarida lake litamhudumia msomaji wa mashambani na wa jijini pia. Msomaji wa Ukambani atatabasamu hapa, kwa kuwa Sylvester, jina la Papa mwingine wa Zama za Kati, nalo limetokana na silva, yaani msitu. Katika familia moja ya Machakos unaweza kumkuta Sylvester na mdogo wake Urbanus, msitu na mji wakila sahani moja.

Kivumishi kina historia yake. Kilatini urbanus kilizaa katika Kiingereza maneno mawili: "urban" na "urbane". Mwanzoni "urbane", lililoingia katika karne ya 16, liliweza kumaanisha tu "wa mjini". Katika karne ya 17 likaanza kushika maana ya mtu mwenye adabu na maneno laini, na "urban" likabaki na kazi ya kuonyesha mahali. Hata hivyo "urban" lilikuwa neno adimu mpaka karne ya 19, miji ya viwanda ilipokua na watu wakahitaji neno la kuizungumzia. Kiingereza kilifanya vivyo hivyo kwa "human" na "humane": neno moja likagawanywa, tahajia na mkazo vikatofautishwa, na kila upande ukapewa maana yake.

Mtu anaweza kudhani kwamba baada ya mgawanyo huo "urban" lilibaki safi, lisilo na hukumu. Sivyo. Nchini Marekani, katika nusu ya pili ya karne ya 20, neno hilo lilitumiwa katika biashara ya muziki na redio kumaanisha muziki wa watu weusi bila kuwataja. Malalamiko yaliendelea kwa miaka, na mwaka 2020 waandalizi wa tuzo za Grammy waliliondoa neno hilo katika jina la mojawapo ya tuzo zao kuu za muziki huo. Tazama jinsi mambo yalivyogeuka: neno lililokuwa sifa ya mungwana wa Roma likawa njia ya kumtenga mtu bila kumtaja. Neno la mahali huwa halichelewi kuwa neno la daraja.

5.0 Jina hili linafika Machakos

Machakos wenyewe ni mji wenye historia ya jina. Wenyeji huuita Masaku, jina la mzee wa Kikamba aliyekaa hapo kabla ya ukoloni. Midomo ya wageni ndiyo iliyolitia herufi s mwishoni likawa Machakos. Kabla ya Nairobi kuwako, hapa ndipo palipokuwa kituo kikuu cha utawala wa Waingereza katika sehemu hii ya bara. Reli ilipopita mbali na mji huu na kufika Nairobi mwaka 1899, makao ya utawala yakaifuata. Machakos ni mji uliotangulia na kisha ukapitwa.

Ukatoliki uliingia Ukambani kwa nguvu kupitia Kabaa, misheni ya mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu iliyoanza mapema katika karne ya 20. Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) liturujia ilikuwa ya Kilatini, na desturi ya Kanisa ilikuwa kuandika daftari la ubatizo kwa Kilatini pia. Jina lililoandikwa humo liliandikwa na mwisho wake wa Kilatini. Aidha mtoto aliweza kupewa jina la mtakatifu ambaye sikukuu yake ilikuwa karibu, na sikukuu ya Mtakatifu Urbano katika kalenda ya zamani ilikuwa tarehe 25 Mei. Tunaona kwamba sababu hizi zinatosha kueleza kwa nini jina lilibaki Urbanus, bila kukatwa kama Waingereza walivyolikata na bila kuvikwa -o kama Kiswahili kilivyofanya kwa Petrus na Paulus. Jina likarithiwa kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu, na Jimbo la Machakos, lililoundwa mwaka 1969, likapata askofu mwenye jina hilo: Urbanus Joseph Kioko, aliyeliongoza kuanzia mwaka 1973 hadi 2003. Kioko katika Kikamba ni jina la mtoto aliyezaliwa asubuhi. Miaka 30 ya askofu mmoja haikosi kulipa jina heshima na uenyeji.

Sasa tulitazame kiisimu. Kikamba, kama Kiswahili, hupendelea silabi wazi. Katika maneno yake ya asili hakina sauti r, wala b isiyotanguliwa na m. Urbanus, basi, lina kila sababu ya kumsumbua msemaji: lina r, lina mfuatano wa r na b, na linaishia kwa konsonanti. Kiswahili kilipokutana na mfuatano huo huo katika neno la Kiarabu la 40 kilitia irabu katikati na kupata arobaini. Urbanus limevumilia. Na jambo moja zaidi: Mkenya husema Ur-BA-nus, mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama ilivyo kanuni ya Kiswahili. Hapo hasa ndipo Mrumi alipoweka mkazo wake. Anayemcheka Urbanus wa Machakos na kumwita Urban wa Kiingereza ndiye aliyekwenda mbali zaidi na asili.

Liko na jambo zito kuliko matamshi. Tulisema kwamba mpagani asili yake ni mtu wa kijijini. Kijana wa Kabaa wa miaka ya 1920 aliingia kanisani akiitwa mpagani na akatoka akiitwa Urbanus. Kwa Kilatini tupu, aliingia akiwa wa kijijini akatoka akiwa wa mjini, ilhali nyumba yake, ng'ombe wake na shamba lake la mahindi vilikuwa pale pale. Hatudai kwamba padre alikusudia hivyo. Yeye alikuwa akitaja jina la mtakatifu. Lakini lugha husema mambo ambayo msemaji hakuyakusudia, na kazi ya mwanaisimu ni kuyasikia.

6.0 Mji, jiji na kijiji: Kiswahili kinasemaje?

Ni rahisi kuwalaumu Warumi. Kiswahili nacho kina kesi ya kujibu. Katika miji ya pwani kama Lamu na Mombasa, mwungwana alikuwa mtu huru, mwenye nasaba na makazi mjini. Kinyume chake ni mtumwa na mshenzi, na mshenzi alikuwa hasa mtu wa bara. Mkamba wa karne ya 19 aliyefikisha pembe za ndovu Mombasa alinunuliwa bidhaa yake kwa furaha, lakini katika kamusi ya wenye mji hakuwa mwungwana. Ustaarabu huelezwa kuwa ni kujifananisha na Waarabu. Utamaduni, neno tunaloliona safi kabisa, limetokana na Kiarabu tamaddun, lenye shina moja na madina, yaani mji. Na mshamba, mtu anayetulisha sote, ni tusi katika vinywa vya wanaokula mazao yake.

Lakini tukiyaacha maneno ya mkopo na ya daraja tukalichambua neno mji lenyewe, tunakuta habari tofauti. Shina lake ni -ji. Tulilinganishe na mashina mengine ya silabi moja:

mti – jiti – kijiti
mto – jito – kijito
mtu – jitu – kijitu
mji – jiji – kijiji

Kanuni ni moja. Shina la silabi moja linapoingia katika ukubwa huchukua ji-, na linapoingia katika udogo huchukua ki- na ji- pamoja. Kwa hiyo jiji ni mji mkubwa na kijiji ni mji mdogo. Kiingereza kinapozungumzia mji na kijiji hutumia mashina tofauti na vivumishi tofauti. Kiswahili kinatumia shina moja na kubadili kipimo. Kwa mujibu wa mofolojia yetu, mtu wa kijijini naye ni mtu wa mji, ila mji wake ni mdogo. Ukuta kati yao tuliujenga katika matumizi, haukuwamo katika shina.

Shina hilo hilo ndilo lililotupa mwenyeji, yaani mwenye mji. Huyu si mjanja wala mwenye maringo. Ni mtu mwenye mahali pake, anayempokea mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tukivuka hadi Kikamba tunakutana na mũsyĩ, neno linalofanana na mji kwa umbo lakini maana yake ni nyumbani, makazi ya familia. Wanafunzi wa isimu linganishi wataongeza umuzi la Kizulu na mudzi la Kichewa, ambayo nayo hutaja boma au kijiji. Katika lugha hizi za Kibantu, kuwa wa mji si kuwa mbali na kwenu. Ni kuwa kwenu.

Hata kiambishi -ni kina la kutufundisha. Wazee wa mji ni watu wa heshima, wanaoshauriwa kabla ya jambo kubwa kufanywa. Mtoto wa mjini ni mjanja asiyeshikika. Tofauti ya silabi moja inatenganisha mji kama jumuiya na mjini kama mahali pa kuponea chupuchupu. Kilatini urbanus kilizichanganya maana hizo zote ndani ya neno moja. Kiswahili kinaweza kuzitenga.

7.0 Mapendekezo ya matumizi

Kutokana na uchambuzi huu tunapendekeza yafuatayo kwa waandishi na wafasiri.

Kwanza, tunapomwandika Papa wa kihistoria kwa Kiswahili tutumie Urbano, kama tunavyosema Petro, Paulo na Marko, na nambari yake tuitamke kwa Kiswahili: Urbano wa Pili. Umbo Urban liachwe kwa matini za Kiingereza.

Pili, mtu aliye hai aandikwe kama alivyoandikishwa. Urbanus wa Machakos asigeuzwe kuwa Urban ili apate hadhi, wala Urbano ili alingane na kanuni. Jina la mtu ni mali yake.

Tatu, mfasiri atenganishe "urban" na "urbane". La kwanza linahusu mahali: wakazi wa mijini, ukuaji wa miji, mipango miji. La pili linahusu mwenendo: mtu mwenye adabu, mwenye maneno ya kiungwana. Kulitafsiri la kwanza kwa -staarabu ni kurudisha kwa mlango wa nyuma hukumu ambayo Kiingereza chenyewe kilijaribu kuitenga.

Nne, wanafunzi wachukue daftari wakakusanye majina ya ubatizo ya wazee wa vijiji vyao, na wayachunguze umbo, matamshi na maana kwa wenye majina. Boniface, Innocent, Clement, Benedict na Celestine yamo nyumbani mwetu, na kila moja lina safari yake.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba Urbanus ni "wa mjini"; kwamba mapapa watano wa Zama za Kati walilibeba huku Mji ukiwakimbia; kwamba Kiingereza kililipasua kivumishi chake kuwa mawili, na hukumu ikarudi hata hivyo; na kwamba Machakos ililipokea jina katika umbo lake la Kilatini na kulihifadhi kwa uaminifu ambao London haikuwa nao.

Je, tulifasirije kwa Kiswahili? Mtu akitaka neno kwa neno, ni "wa mjini". Akitaka Urbanus wa Machakos aeleweke, sisi tungesema "mwenyeji". Hiyo si etimolojia ya Kilatini. Ni maana ambayo jina limeipata kwa kukaa Ukambani karibu miaka 100, likiitwa shambani, kanisani na sokoni, mpaka likawa la hapo. Urbano wa Nne aliitwa wa Mji bila kukanyaga Roma akiwa Papa. Urbanus wa Machakos yuko kwao. Kesho jina lake likisomwa ukumbini, na alijibie kwa sauti.